Askari Aliniuliza Nilikuwa kwa Mwendo Gani

Nimeendesha pikipiki kwa miaka kumi na minane, na katika muda huo wote nimesimamishwa mara tatu tu na askari wa usalama barabarani kwa sababu ya kupenya katikati ya magari, ingawa nimepenya karibu kila siku ya kazi. Mara ya kwanza nilionywa kwa maneno. Mara ya pili niliandikiwa faini pasipo mazungumzo yoyote. Mara ya tatu, ambayo ndiyo inayonifanya niandike haya, askari aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake.

Foleni ilikuwa imesimama kabisa. Nilikuwa nimepita taratibu baina ya safu mbili za magari, mguu mmoja ukiwa tayari kukanyaga lami, hadi nikafika karibu na taa za kuongozea magari, na hapo ndipo aliponinyoshea mkono. Pikipiki nyingine mbili zilikuwa zimenitangulia, mojawapo ikiwa imenipita kwa kasi iliyonishtua hata mimi niliyezoea, lakini hizo zilikwisha kutokomea, na aliyeweza kusimamishwa ni yule aliyekuwa akienda polepole. "Shikamoo, mzee," alisema, akanipokonya nusu ya hasira niliyokuwa nikiiandaa. Nilipomweleza kwamba magari yote yalikuwa yamesimama, akaniuliza: "Na wewe, mzee wangu, ulikuwa kwa mwendo gani?"

Nilifungua kinywa nijibu, nikatambua kwamba sijui. Macho yangu yalikuwa kwenye vioo vya pembeni, kwenye magurudumu ya mbele na kwenye vitasa vya milango, wala sikuwa nimekitazama kipima mwendo hata mara moja. Yeye pia hakujua, kwa kuwa hakuwa na kifaa cha kupimia. "Afande, polepole tu," nikasema, naye akatabasamu kama mtu aliyesikia jibu hilo mara elfu, kisha akaniandikia kosa la kulipita gari mahali pasiporuhusiwa, kwa kuwa ndilo lililokaribiana zaidi na kile alichokuwa amekiona.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamini kwamba ugomvi wetu na askari hautokani hasa na kupenya kwenyewe. Unatokana na namba ambayo sheria nyingi hazikuiandika, nayo si mwendo wa pikipiki peke yake, bali ni tofauti iliyopo kati ya mwendo wa pikipiki na ule wa magari inayoyapita. Dereva wa gari anayeamua ghafla kuhama safu huhitaji muda wa kukuona, na wewe huhitaji muda wa kumwona akianza kukata usukani. Ukimpita kwa tofauti ya kilomita 15 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka inakugharimu mita 4 hivi, yaani urefu wa gari dogo. Ukimpita kwa tofauti ya kilomita 50, sekunde hiyo hiyo inakugharimu karibu mita 14, nawe bado hujagusa breki.

Jimbo la California nchini Marekani ndilo linalonifundisha zaidi katika jambo hili, kwa sababu huko kupenya kulivumiliwa kwa miongo mingi bila ya sheria kukutaja. Hakukuwa na kifungu kilichoruhusu wala kilichokataza, na askari aliyetaka kumwadhibu mwendeshaji alilazimika kutumia makosa ya jumla, kama vile kwenda kwa mwendo usiolingana na hali ya barabara au kuhama safu bila uangalifu. Mwaka 2013 polisi wa barabara kuu wa jimbo hilo walichapisha mwongozo wenye namba: mwendeshaji asiyazidi magari kwa zaidi ya maili 10 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 16, wala asipenye magari yanapokwenda maili 30 kwa saa au zaidi. Binafsi nauona kuwa mwongozo wa busara sana. Hata hivyo raia mmoja alilalamika kwamba polisi walikuwa wakitunga kanuni bila kufuata utaratibu wa kutunga kanuni, na mwaka 2014 mwongozo huo ukaondolewa.

Mlalamikaji alikuwa na hoja ya haki, kwa kuwa askari kazi yake ni kuisimamia sheria na si kuitunga. Lakini matokeo ya ushindi wake yalikuwa kwamba waendeshaji wakapoteza namba pekee waliyokuwa nayo, na askari wakarudi kwenye kukadiria kwa macho. Sheria iliyopitishwa mwaka 2016 ilieleza hatimaye kupenya ni nini na kuwapa polisi idhini ya kuandaa mafunzo, ila viwango vya mwendo vilivyokuwamo katika muswada wa awali viliondolewa kabla haujapitishwa. Kwa hiyo hata leo, katika jimbo lenye uzoefu mkubwa kuliko mengine yote ya nchi hiyo, maelekezo ya polisi yanasema tu kwamba hatari huongezeka kadiri tofauti ya mwendo inavyoongezeka, na uamuzi unabaki kwa askari aliyepo.

Majimbo yaliyofuata yaliichagua namba. Utah, mwaka 2019, iliruhusu pikipiki kupita kati ya magari yaliyosimama tu, kwa mwendo usiozidi maili 15 kwa saa, katika barabara ambayo kikomo chake hakizidi maili 45, na Arizona ikaweka masharti yanayofanana mwaka 2022. Jimbo la New South Wales nchini Australia lilitangulia mwaka 2014 kwa kikomo cha kilomita 30 kwa saa, likawazuia waendeshaji ambao bado wana leseni za kujifunza, likakataza kupita kando ya ukingo wa barabara na katika maeneo ya shule wakati wa saa za shule. Ninachokipenda katika mpango huo ni kwamba ulitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya katika neno moja: kuna kupenya polepole magari yanapokuwa yamesimama au yakijikokota, ambako kunaruhusiwa, na kuna kuchana katikati ya magari yanayokwenda, ambako kunabaki kuwa kosa lenye adhabu nzito. Askari wa huko anapokusimamisha, angalau nyote wawili mnajua mnabishana juu ya nini.

Ufaransa nayo imenipa kichekesho kidogo. Majaribio yalianza huko Februari 2016 katika wilaya 11, zikiwemo zote za eneo la Paris, na yakaendelea kwa miaka mitano. Yalipomalizika mwishoni mwa Januari 2021 hapakuwa na sheria ya kuyarithi, kwa hiyo mtu aliyekwenda kazini siku moja akipenya kwa idhini ya serikali aliamka kesho yake akiwa mkosaji katika barabara ileile, kwa pikipiki ileile, mbele ya askari walewale. Agosti mwaka huohuo majaribio mapya yakaanza katika wilaya 21, na Januari 2025 ruhusa ikaingizwa rasmi katika sheria za barabarani za nchi nzima, kwa kikomo cha kilomita 50 kwa saa, ambacho hushuka hadi 30 magari ya safu mojawapo yanapokuwa yamesimama. Ninajaribu kumwaza askari aliyekuwa zamu asubuhi ya tarehe 1 Februari 2021, akitazama mamia ya pikipiki zikipita kama zilivyopita siku iliyotangulia, akijiuliza aanze na ipi.

Uingereza haikuwahi kukataza. Kitabu chake cha kanuni za barabarani kinamtaka mwendeshaji anayepenya kwenye magari yanayokwenda polepole awe mwangalifu na apunguze mwendo, na kinawataka madereva waangalie pikipiki kabla ya kukata kona au kuhama safu. Wenye kuadhibu huko mara nyingi ni mahakama za madai badala ya askari. Katika kesi ya Powell dhidi ya Moody ya mwaka 1966, mwendeshaji aliyekuwa akiipita foleni iliyosimama aligongana na gari lililotokea barabara ya pembeni kupitia nafasi iliyoachwa ndani ya foleni, na mahakama ikamtwika asilimia 80 ya lawama. Miaka 40 baadaye, katika kesi ya Davis dhidi ya Schrogin, lawama yote ilimwangukia dereva aliyegeuza gari ghafla kutoka kwenye foleni mbele ya mwendeshaji aliyekuwa akionekana waziwazi. Aliyepita halali anaweza bado kulipa gharama, na hilo ni vyema likumbukwe na wale wanaodhani kwamba ruhusa ni kinga.

Ninajua kwamba madereva wengi wa magari wanaona yote haya kuwa visingizio vya watu wasiotaka kusubiri zamu yao. Siwezi kukana kwamba sipendi kusubiri. Lakini mtu aliyekaa ndani ya gari akigongwa kwa nyuma anapata bampa iliyobonyea, ilhali aliyekaa juu ya pikipiki nyuma ya gari jingine anakuwa yeye mwenyewe ndiye bampa. Tena injini nyingi za pikipiki hupozwa na upepo, na upepo hauji ukiwa umesimama nusu saa katikati ya mabomba ya moshi.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliotolewa mwaka 2015, ulichunguza waendeshaji 5,969 waliopata ajali, ambao 997 kati yao walikuwa wakipenya ajali ilipotokea. Walioumia kichwa walikuwa asilimia 9 miongoni mwa waliokuwa wakipenya na asilimia 17 miongoni mwa wengine, na waliofariki walikuwa asilimia 1.2 kwa 3.0. Waendeshaji wenzangu hupenda kuzitaja namba hizo kisha wakanyamaza. Wanachokiacha ni kwamba waliokuwa wakipenya walikuwa zaidi watu wa kwenda na kurudi kazini, waliovaa helmeti nzuri zaidi na wasiokunywa pombe kabla ya safari, hivyo unafuu wote hauwezi kuhesabiwa kuwa ni wa kupenya. Wanaacha pia kwamba ingawa waligongwa kwa nyuma mara chache zaidi, wao wenyewe waliyagonga magari ya mbele mara nyingi zaidi. Na tofauti ya mwendo ilipozidi maili 15 kwa saa, majeraha yaliongezeka. Ni ile namba yangu tena.

Sasa nirudi kwa askari. Mimi siwalaumu kwa kusimamisha pikipiki, ila nalaumu mahali wanaposimama. Askari anayekaa kwenye taa hukutana na pikipiki zilizokwisha kupunguza mwendo, na katika hizo hukamata ile iliyo tayari kusimama, yaani ya mtu mtiifu. Yule anayepita kwa kilomita 80 katikati ya magari yanayokwenda 40 yuko kilomita kadhaa nyuma, mahali ambapo kumfukuza kwa gari hakuwezekani na kumfukuza kwa pikipiki kunaweza kuua watu wawili badala ya mmoja. Kwa hiyo kitabu cha faini kinajaa majina ya wapole. Sina suluhisho kamili la jambo hilo, ila askari wawili waliokaa juu ya daraja wakiwa na kipima mwendo wangejifunza zaidi katika saa moja kuliko yule wa kwenye taa katika wiki nzima.

Upande wa pili wa kazi yao husahaulika kabisa. Nimeshuhudia madereva wakisogeza gari kwa makusudi ili wazibe nafasi, na mara moja mlango ulifunguliwa mbele yangu na mtu ambaye hakuwa akishuka. Huko California maelekezo ya sasa ya polisi yanasema wazi kwamba kumzuia mwendeshaji kwa makusudi kwa namna inayoweza kumdhuru, au kufungua mlango ili kumzuia, ni kuvunja sheria. Sijawahi kuona dereva akisimamishwa kwa hilo, japokuwa ushahidi wake ni rahisi kuuona kuliko mwendo wangu usiopimwa.

Isitoshe, askari wenyewe wakiwa juu ya pikipiki hupenya, na hupenya vizuri. Wiki chache baada ya faini yangu nilijikuta nyuma ya mmoja wao asiyekuwa na king'ora wala taa za dharura. Alipita katikati ya safu kwa utulivu wa ajabu, vidole viwili juu ya breki, akipunguza mwendo kila alipokaribia pengo ambamo gari lingeweza kuingia, na kuongeza kidogo alipokuwa kando ya lori refu lisiloweza kumwona. Magari yalipoanza kusogea aliingia ndani ya safu na kutulia nyuma ya gari moja, kana kwamba hakuwahi kuwa na haraka. Nami nikaingia nyuma yake. Wakati huu nilikuwa nimekitazama kipima mwendo njia nzima: hatukuwahi kuvuka 25.