Kumbukumbu ya mradi: kuitafutia sabufa mahali pake sebuleni

Kabla ya kununua

Spika zangu mbili za mbele ni ndogo, za kuweka rafuni, koni zake (sehemu zinazotetemeka kutoa sauti) inchi tano na nusu. Sauti ya mwimbaji zinaitoa vizuri sana, na ukifungulia taarifa ya habari utadhani msomaji amekaa mbele yako. Shida inaanza chini ya hezi 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde. Hapo zinafifia taratibu, na huko ndiko besi inakokaa: uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne unapiga hezi 41, wa nyuzi tano unashuka hadi 31, na piano inakwenda mpaka 27.5. Sehemu hiyo ya muziki nimekuwa nikiikisia tu, ndiyo maana nataka sabufa, spika ya kupiga besi peke yake.

Sharti la mradi mzima ni moja. Sitaki kishindo cha kutikisa madirisha. Nataka besi ambayo mtu akifumba macho hawezi kuonyesha kwa kidole sabufa iko wapi.

Swali lililonila muda ni la boksi: lililofungwa kabisa au lenye tundu? Lenye tundu linatumia hewa ya ndani ya bomba lake kuisaidia koni, kwa hiyo kwa wati zile zile linapiga kwa nguvu zaidi karibu na masafa ambayo bomba limetengenezewa. Ukishuka chini ya hapo sauti inaporomoka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 24 kila oktavi, yaani kila hezi zinapopungua nusu, na koni inapwaya bila kitu cha kuizuia. Lililofungwa linaanza kupungua mapema zaidi, lakini kwa upole, desibeli 12 kila oktavi. Wenye kumbi kubwa na mapenzi ya filamu za milipuko wanachukua lenye tundu, na wana sababu zao.

Sebule yangu ina mita 5 kwa 4, dari mita 2.7, na mlango unafungika. Chumba kidogo kilichofungwa hivyo, ukishuka chini ya hezi 34 au karibu na hapo, kinaanza kuisaidia sabufa chenyewe, kwa sababu hewa yote iliyomo inabanwa na kuachiwa kwa pamoja. Msaada huo na ule mteremko wa boksi lililofungwa vinafidiana kwa kiasi kizuri. Nimechukua lililofungwa. Wazo lenyewe la zamani: Edgar Villchur alitoa spika yake ya AR-1 mwaka 1954, boksi dogo ambalo hewa iliyofungiwa ndani ndiyo springi ya koni.

Ukubwa wa koni nimeenda inchi 12 badala ya 8. Hapa hesabu haina huruma. Ukitaka sauti yenye nguvu ile ile oktavi moja chini, lazima usukume hewa mara nne. Koni ya inchi 12 ina eneo la zaidi ya mara mbili ya ile ya inchi 8, kwa hiyo inatembea kidogo kwa kazi ile ile, na koni isiyotembea sana haichafui sauti. Halafu kuna kanuni ya watengeneza spika, ya Hofmann: boksi dogo, besi ya chini kabisa, sauti kubwa kwa wati chache; chagua mbili, ya tatu utaikosa. Mimi nimeikosa ya wati chache, amplifaya ya ndani ya sabufa itaibeba.

Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kartoni sikuzipa uzito. Kutoka wati 200 hadi 400 ni desibeli 3 tu. Sikio la kawaida linahitaji karibu desibeli 10, yaani wati mara kumi, ndipo liseme sauti imekuwa maradufu. Mwenye kuuza kwa namba za wati anajua hilo vizuri kuliko mnunuzi.

Jumamosi

Imefika. Nzito kweli, tumeibeba wawili, mimi na mdogo wangu. Kwa kuanzia nimeiweka kona ya mbele kushoto, ili nipate kipimo cha mwanzo cha kulinganishia. Kona inaiamsha kila tabia mbaya ya chumba, kwa hiyo ndipo pazuri pa kuziona zote.

Kochi langu limeegemea ukuta wa nyuma, katikati ya upana wa chumba. Nimecheza wimbo wenye besi inayopanda na kushuka ngazi. Noti mbili zinanguruma, nyingine inapotea kabisa, kisha inayofuata inarudi. Mpiga besi aliyerekodi wimbo ule hakupiga hivyo, hiyo ni kazi ya kuta zangu.

Maelezo yake si magumu. Wimbi la sauti la hezi 34 lina urefu wa mita 10 hivi, na nusu yake ni mita 5, sawasawa na urefu wa sebule. Wimbi la namna hiyo linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lenzake na kusimama palepale: kwenye kuta mbili sauti inavimba, katikati ya chumba inakufa. Kwa upana wa mita 4 ni hezi 43, kwa dari ni hezi 63 na ushee. Kochi lililo ukutani linapokea hezi 34 kwa uvimbe wake wote, na maradufu yake, 68, vilevile. Na kwa kuwa liko katikati ya upana, liko kwenye shimo la hezi 43. Hesabu hizi unaweza kuzifanya kabla hata hujanunua kitu: gawanya 343, ambayo ni mwendo wa sauti kwa sekunde, kwa mara mbili ya urefu wa chumba kwa mita.

Mapazia na zulia havisaidii kitu huku chini. Vinazuia mlio wa juu, basi.

Jumapili, magotini

Njia ya kutafuta mahali inajulikana na inachekesha. Unaiweka sabufa juu ya kochi, pale unapokaa, unacheza wimbo wa besi inayotembea, kisha wewe unatambaa sakafuni kando ya kuta ukisikiliza. Pale ambapo noti zote zinasikika kwa usawa, ndipo sabufa inapotakiwa kukaa. Inafanya kazi kwa sababu njia ya sauti kutoka pointi moja hadi nyingine ni ile ile hata ukibadilishana nafasi na spika. Sharti ni masikio yawe chini, kimo ambacho koni itakuwa, si kusimama na kuinamisha kichwa kidogo.

"Kaka, umedondosha nini?" mdogo wangu akauliza kutoka mlangoni. Nikamwambia asogee, ananizibia njia.

Kona zote nne zinanguruma. Katikati ya ukuta wa mbele, chini ya televisheni, noti zinaachana: moja nene, moja nyembamba. Ukuta wa kushoto, nikitoka mbele kurudi nyuma, kuna sehemu ambayo ule mngurumo unalegea ghafla na mtembeo wa besi unanyooka. Nimepima kwa tepu: mita 1.7 kutoka ukuta wa mbele, yaani theluthi ya urefu wa chumba. Na kweli, theluthi ni mahali ambapo lile wimbi la 34 na lile la 68 yanaamshwa kwa nusu tu ya nguvu yanayoipata kwenye kona, desibeli 6 pungufu. Sikio lilifika kabla ya karatasi.

Jioni nikapima kwa maikrofoni ya UMIK-1, ambayo kila moja huja na faili lake la marekebisho, na REW, programu ya John Mulcahy ya kupima sauti ya chumba, ambayo ni ya bure. Maikrofoni kwenye kimo cha sikio, pale kochini, mimi nikiwa nje ya njia. Usitumie simu kwa kazi hii: maikrofoni za simu zimetengenezewa mazungumzo, na huku chini namba zake haziaminiki. Mchoro wa kona na mchoro wa theluthi niliuweka mmoja juu ya mwingine. Kilima cha 34 kimeshuka, cha 68 kimeshuka. Bonde la 43 liko vilevile, maana hilo linatokana na kochi lilipo, si sabufa ilipo.

Nimevuta kochi mbele kadiri njia ya kupita nyuma yake ilivyoruhusu. Kilima cha 68 kimezama zaidi. Kochi lililobandikwa ukutani ni adui wa besi safi kuliko sabufa ya bei nafuu, na kulisogeza ni bure.

Jumanne, mngurumo

Nimeunganisha kila kitu kwa waya wa kudumu, na sabufa ikaanza kunguruma hata muziki ukiwa umezimwa. Mlio mmoja, mnene, usiobadilika: umeme wa hezi 50. Nilichomoa vifaa kimoja kimoja. Mlio ulikatika nilipochomoa kebo ya antena nyuma ya kisimbuzi. Yaani ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, ilikuwa inaingia kwa njia mbili, ya soketi na ya antena, na tofauti yao ndogo ikawa inapita kwenye waya wa sauti. Nimehamishia vifaa vyote kwenye soketi moja, mlio umepungua, kisha nikaweka kitenganishi kwenye kebo ya antena, umekwisha. Kuna watu wanakata pini ya ethi ya plagi ili kuua mlio huu. Usiguse pini hiyo kamwe. Iko pale ili kifaa kikiharibika kisikuue.

Kuoanisha na spika za mbele

Resiva, kifaa kinachogawia spika zote sauti, ilipojipima yenyewe ikaziita spika zangu ndogo "kubwa" na kuzipelekea besi yote. Nimezirudisha kuwa ndogo, krosova (mpaka ambao chini yake besi inaachiwa sabufa) hezi 80. Namba hiyo si ya kubahatisha: THX, wenye viwango vya sauti za sinema, waliichagua kwa sababu chini ya hapo sikio linashindwa kutambua sauti inatoka upande gani, na hilo ndilo sharti langu. Nilijaribu 120 kwa udadisi. Sauti ya mwanaume mzito ikaanza kuvutwa kushoto, kifua chake kiko kwenye sabufa, kinywa kiko katikati. Nikarudi 80 haraka.

Kitufe cha krosova kilicho mgongoni mwa sabufa nimekizungusha hadi mwisho wa juu, ili vichujio viwili visifanye kazi moja. Na ule mpangilio wa kupeleka besi kote kuwili, kwenye spika na kwenye sabufa, nimeukataa.

Iliyobaki ni fezi, yaani spika na sabufa kusukuma hewa kwa wakati mmoja, na hapa wengi huacha njiani. Kwenye hezi 80 spika na sabufa zinapiga pamoja. Moja ikisukuma wakati nyingine inavuta, zinafutana. Kusikiliza wapi sauti ni kubwa zaidi ni vigumu, kwa kuwa kilele ni butu. Shimo ndilo lenye ncha. Kwa hiyo nimegeuza swichi ya fezi ya sabufa kwenda 180, nikacheza mlio wa hezi 80, nikawa nabadilisha umbali wa sabufa kwenye resiva kidogo kidogo hadi mlio ulipokaribia kutoweka pale kochini. Kisha swichi ikarudi 0. Kwa tepu sabufa iko mita 2.6 kutoka kichwani mwangu, lakini resiva imeishia kwenye mita 4.1. Si kosa. Saketi za ndani ya sabufa zinachelewesha sauti, na resiva inahitaji kuzisubirisha spika nyingine.

Ekwalaiza, inayopandisha au kushusha masafa uliyoyachagua, nimeitumia kwa kupunguza tu: desibeli 5 kwenye 34, desibeli 3 kwenye 68. Bonde la 43 sikuligusa. Kulijaza kwa desibeli 6 kunataka wati mara nne na koni itembee mara mbili, na chumba kitazila zote.

Mstari ukinyooka kabisa kwenye mchoro, muziki unasikika mkavu. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio ni zito kwa masafa ya chini, hasa sauti ikiwa ndogo. Nimeipandisha sabufa desibeli 5 juu ya mstari.

Vinavyolia

Mlio unaopanda polepole kutoka hezi 20 hadi 120, na kutembea nao chumbani. Kioo cha kabati kinaimba kwenye 57. Fremu moja ya picha kwenye 72. Rimoti juu ya meza inatetemeka kuanzia 40. Vipande vya kitambaa kizito nyuma ya kioo na fremu. Rimoti imehamia kochini.

Ilipofikia

Mdogo wangu alikuja kusikiliza, akakaa, akageuza shingo. "Sasa besi yenyewe iko wapi? Mbona siisikii?" Nikaizima sabufa katikati ya wimbo. Akasubiri kidogo. "Rudisha."

Kilichobaki ni kiti cha pembeni, karibu na ukuta wa kulia, anapokaa mama watoto. Pale hezi 43 imevimba, wakati kwangu ni bonde, na analalamika kwa haki. Utafiti wa Todd Welti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, 2002, ulionyesha jinsi sabufa mbili zinazokabiliana zinavyopunguza tofauti kati ya kiti na kiti: zikiwa kuta za kushoto na kulia, zinakataa kuliamsha wimbi hilo la upana. Besi yangu haitaongezeka, yake itatulia. Nitaazima ya pili kwanza nijaribu. Ila mita 1.7 kwenye ukuta wa kulia ndipo mlango unapofungukia, kwa hiyo kabla ya sabufa itabidi nizungumze na fundi wa milango.