Jeli yangu iligoma kuganda, muuza chipsi akaniokoa

Semina za ujasiriamali nimehudhuria tano, labda sita. Vyeti vimejaa bahasha. Kote huko nilifundishwa kuandika mpango wa biashara, na mkufunzi mmoja akanishauri, kwa sauti ya kunionea huruma, nihamie Dar es Salaam kwani "Pemba hakuna soko la mambo ya sayansi". Nikanywa chai yake, nikala sambusa mbili, nikarudi zangu Chake.

Nilichotaka kilikuwa kidogo tu: jeli ya kunukisha chumba, mwani wa Micheweni ndani yake na mafuta ya makonyo ya karafuu, yale yanayotengenezwa kiwandani Wawi. Jeli nyingi za kopo zinazotoka nje hugandishwa kwa karajinani, na karajinani inatoka kwenye mwani huu huu tunaoukausha na kuusafirisha kwa magunia tangu kilimo chake cha biashara kianze hapa Zanzibar mwaka 1989. Nikasema safari hii tuuze kilichokwisha ganda.

Hakikuganda.

Nilichemsha spinosamu, ule mwani wa bei rahisi, nikachuja kwa kanga ya mama (alinisamehe baada ya Idi), nikatia chumvi ya potasiamu kama nilivyosoma. Nikapata uji wa mgonjwa. Nikazidisha potasiamu: uji. Nikazidisha mwani: uji mzito, unaonuka ufukwe maji yakiwa yamekupwa. Wiki tatu hivyo. Dada yangu akawa kila asubuhi anapita jikoni na kikombe mkononi, "Haya, uji tayari?"

Mlango ulifunguka kwa njia isiyofundishwa semina yoyote. Binamu yangu alisoma skuli na fundi wa maabara mmoja, nikapelekwa kwake mchana wa Ijumaa, ndoo kichwani. Hata hakuionja kwa kijiti. "Mwani gani huu?" Spinosamu. Akacheka mpaka akavua miwani. Spinosamu, akasema, inatoa karajinani aina ya iota. Potasiamu ni dawa ya kapa, karajinani ya aina nyingine, inayotoka kwenye mwani uitwao kotonii. Iota inataka kalisiamu.

Kotonii basi? Kina mama wa Micheweni wakanikatisha tamaa: maji ya bahari yakipata joto unaugua na kukatika, wengi wameuacha. Kalisiamu ya dukani nayo ilibidi iagizwe Unguja, na nauli ya boti ilikaribia bei ya mzigo wenyewe. Nikamrudia fundi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bahari iko wapi. "Kalisiamu? Si imejaa pale kwa muuza chipsi mayai."

Maganda! Jioni ile nikaenda na mfuko. Kijana akasita. "Dada, maganda haya unakwenda kumfanyia nani?" Nikamwapia simfanyii mtu kitu. Nikayaosha, nikayaanika juani, nikayatwanga kwenye kinu, nikayamwagia siki. Yakachemka povu bila moto, siku mbili nzima. Hapa sikilizeni: maganda yawe mengi kuliko siki inavyoweza kuyayeyusha, muache mpaka povu likate lenyewe. Siki ikibaki, asidi yake ikikutana na mwani wa moto inauvunja nguvu, na chumba kitanuka achari.

Nikachuja, nikamimina ndani ya mwani ungali moto, nikakoroga, nikaenda kuswali Isha. Kurudi, naligusa sufuria, kitu kinatikisika kama nyama ya dafu. Nilipiga kelele jirani akadhani nyoka. Na raha zaidi: jeli ya kapa hutoka maji kadiri inavyokaa, hii yangu ya mwani wa bei rahisi haikutoa hata tone. Mafuta kuelea juu kulinisumbua nako, lakini sabuni ya maji kidogo ilimaliza.

Harufu ya pwani iliondolewa na Bi mmoja wa Micheweni. Jamaa zake Unguja walijifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni kupitia kongano ya mwani iliyoanza 2006, iliyowaweka wakulima, watafiti na maofisa pamoja, Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ni miongoni mwa waliohangaika nayo. Kwetu ujuzi ule ulivuka bahari ndani ya simu ya Bi huyu: osha mara tatu kwa maji ya mvua, ndipo uanike.

Fedha za mwanzo? Mchezo wa wanawake wa mtaani, zamu yangu ya tatu. Laki na kitu, makopo yakala nusu. Ofisi ya vibali nayo ilinizungusha milango mitatu kabla ya kuamua jeli ni kipodozi au si kipodozi. Ulizeni hilo siku ya kwanza, na msiende na kopo moja, nendeni na matano.

Mteja wa kwanza ana nyumba ya wageni, choo cha ukumbini kilimshinda. Alichukua manne, wiki ya pili akataka kumi na mbili. Muuza chipsi amepata habari, sasa anadai mia tano kwa kila mfuko wa maganda. Bado tunabishana.