Gambia: nchi ya mto ambayo watu wanauvuka tu

Nlienda Gambia kwa barabara nikitokea Dakar, manake tiketi ya ndege nilipoulizia bei nlicheka tu. Nikapanda zile Peugeot za zamani za abiria saba mpaka Kaolack, afu nikaunganisha mpaka Karang, mpakani. Upande huu ni Kifaransa na faranga za CFA, unatembea kidogo tu uko Amdallai, Kiingereza na dalasi, lakini mama muuza karanga wa huku na wa kule wanaongea Kiwolof kilekile na wanataniana kabisa.

Wenyeji wanapenda kusimulia kwamba Waingereza walipandisha meli ya vita mtoni, wakawa wanapiga mizinga kulia na kushoto, kombora lilipoangukia ndo mpaka ukawekwa. Si kweli, mpaka Waingereza na Wafaransa waliupatana mwaka 1889, ila ukiiona ramani huwezi kumlaumu mtu anayeiamini ile stori, nchi nzima ni mto na kingo zake mbili, upana haufiki hata kilometa 50, na ukiacha kipande cha Atlantiki kila upande ni Senegal. Eneo ni kama kilometa za mraba 11,300. Yaani mkoa wetu wa Kilimanjaro peke yake ni mkubwa kuliko hii nchi.

Kutoka mpakani unafika Barra, unasubiri pantoni ya kwenda Banjul. Mtu wa Kigamboni hapa hashangai kitu, malori, mbuzi, akina mama na mabeseni, kila mtu anataka kuingia wa kwanza. Wenye haraka wanapanda mitumbwi mikubwa ya mbao, na kwa kuwa haifiki mchangani kuna vijana wa kukubeba mabegani mpaka ndani. Mi nilisubiri pantoni, siku zote nimekuwa muoga wa maji.

Banjul kwa makao makuu ya nchi imepoa sana. Iko kwenye kisiwa, imezungukwa na mikoko ambako akina mama wanaokota chaza, na jioni watu wanavuka daraja la Denton kurudi Serekunda, huko ndo kwenye fujo zote na soko na magari. Kwenye gele-gele, vipanya vyao, nilikaa jirani na mzee mmoja Mmandinka, kijana wa mbele Mfula, mwenye gari Mjola, na wote wakaanza kutaniana kwa makabila yao bila mtu kununa. Karibu wote Waislamu, salamu ndefu, usimuulize mtu kitu kabla hujamuuliza habari za nyumbani.

Siasa ndo nlikuwa naisubiri. Hawa watu walikuwa wanapiga kura kwa gololi! Pipa moja kwa kila mgombea, limepakwa rangi yake, unadumbukiza gololi inagonga kengele ndani, ikilia mara mbili wasimamizi wanajua umefanya janja. Ni gololi hizo zilizomtoa Yahya Jammeh Desemba 2016, mtu aliyechukua nchi kwa mapinduzi Julai 1994 na aliyewahi kusema Mungu akipenda atatawala miaka bilioni. Kwanza akakubali kashindwa, wiki moja baadae akageuka, ikabidi mshindi, Adama Barrow, aapishwe ubalozi wa Gambia kule Dakar tarehe 19 Januari 2017, majeshi ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, yakaingia na siku mbili baadae Jammeh akapanda ndege kwenda Guinea ya Ikweta. Tume ya ukweli ikaja kusikiliza mambo ya enzi zake, mateso, mauaji, watu waliopotea, yote yakirushwa laivu. Ila ukikaa nao kwenye ataya, ile chai ya kijani inayopikwa taratibu raundi tatu, wanamsema Barrow nae, kwamba aliahidi miaka mitatu tu na mbona bado yupo, 2021 akagombea akashinda tena. Wanamsema kwa sauti barabarani bila kuangalia nyuma. Kwangu hayo ndo mabadiliko, kuliko lami yoyote.

Hela sasa. Karanga za wakulima, watalii wa Ulaya wanaokimbia baridi kuanzia Novemba, na hela zinazotumwa na walioko nje, hiyo ya mwisho ni fungu kubwa kweli. Vijana safari ya Ulaya kupitia jangwani na Libya wanaiita bakwei, yaani njia ya nyuma, na kila familia niliyoongea nayo ilikuwa na mtu aliyeijaribu. Pale Tanji boti za rangi zinashusha samaki jioni, moshi wa kukaushia samaki wa bonga unakuingia mpaka kwenye nguo, na akina mama wanalalamikia viwanda vya unga wa samaki vilivyofunguliwa pwani, vinabeba bonga kwa matani wakawe chakula cha samaki wa kufugwa nje, wao sokoni bei imepanda.

Nikapanda bara mpaka Janjanbureh nikitamani kurudi kwa boti, nchi ya mto bwana! Wakanicheka. Meli ya abiria Lady Chilel Jawara ilizama mwaka 1984, wakaniambia panda gari kama wenzako. Nikarudi kwa gari kweli, nikapitia Farafenni kwenye lile daraja lililofunguliwa Januari 2019. Kabla yake malori ya Senegal yanayotoka kaskazini kwenda Casamance, kusini mwa Senegal hiyohiyo, yalikuwa yanalala foleni ya pantoni siku kadhaa, na Gambia ilivuta miguu miaka na miaka kukubali daraja lijengwe. Sa hivi lori linapita kwa dakika chache, ila kabla halijapita dereva anasimama kibandani, analipa.