Hanania Alipoivunja Nira

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii naomba tusome Yeremia 28 na 29 kwa mfululizo. Nebukadreza alikuwa amemhamisha mfalme Yekonia hadi Babeli, pamoja na wakuu na mafundi, na kumweka Sedekia mahali pake. Waliobaki Yerusalemu hawakujua kesho atatawala nani.

Ndipo nabii Hanania akasimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwa jina la Bwana kwamba ndani ya miaka 2 vyombo vya hekalu vitarudi, na mfalme naye atarudi. Yeremia akamjibu: “Amina, Bwana na atende hivi.” Wako wanaoisikia kejeli katika jibu hilo. Mimi nasikia sala ya mtu aliyeipenda nchi yake na kuilia. Alitamani sana Hanania awe amesema kweli, ila hakuthubutu kuyaita matamanio yake neno la Mungu. Hata Hanania alipomvua shingoni ile nira ya mti, aliyoivaa kuwa ishara ya kumtumikia mfalme wa Babeli, na kuivunja, Yeremia hakugombana naye, alikwenda zake. Neno la Bwana lilimjia baadaye, na Hanania akafa mwaka ule ule.

Wapendwa, hapo ndipo moyo wangu ulipo siku hizi. Uchaguzi ukikaribia au serikali ikiyumba, unabii wenye tarehe na majina ya washindi husambaa upesi, nasi tunauitikia “Amina” kwa kuwa unamtaja tunayemtaka. Mtu ana haki ya kuwa na chama na kupiga kura kwa dhamiri yake. Lakini kusema “Bwana amesema” pale ambapo ni sisi tuliosema ni kulitaja bure jina lake, na wachanga wa imani ndio wanaoumia unabii usipotimia.

Barua ya Yeremia kwa wale wa uhamishoni haikuwa tamu. Miaka 70 kabla ya kurudi! Wengi walioisikia ikisomwa wangezikwa Babeli. (Ule mstari wa 11 tunaoupenda, wa “tumaini siku zenu za mwisho”, umo ndani ya barua hiyo hiyo.) Nao waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na zaidi ya yote: “Kautakieni amani mji ule… mkauombee kwa Bwana.” Mji wa adui! Paulo naye aliagiza dua kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka, katika dola iliyomsulubisha Bwana wetu.

Basi katika ibada za nyumbani wiki hii tuwaombee viongozi kwa majina, tukianza na yule ambaye hatukumpigia kura. Tuwaombee pia waliofungwa au kufiwa kwa sababu ya siasa. Na kama kuna ndugu kanisani ambaye hatujasalimiana tangu tubishane habari za vyama, tumtafute kabla ya Jumapili.