Ninavyowafuata wanafunzi wanaopotelea mtandaoni

Nafundisha takwimu kwa njia ya mtandao katika chuo kimoja hapa Tanzania. Wengi wa wanafunzi wangu ni watu wazima walio kazini: walimu wa shule za msingi, wauguzi, makarani. Wanaoacha kozi hawashindwi na takwimu. Wanatoweka kimyakimya wiki za mwanzo, kabla hata hatujagusa wastani.

Moodle, mfumo tunaoutumia, unaonyesha kila mwanafunzi aliingia lini mara ya mwisho. Jumatatu asubuhi naanza na orodha hiyo. Aliyemaliza wiki bila kuingia nampigia simu. Barua pepe haifai, kwa sababu aliyesahau nywila ya chuo hata hiyo barua pepe hawezi kuifungua.

“Shikamoo mama, ni mwalimu wako wa takwimu.”

“Marahaba mwanangu. Nilikuwa nawaza nikuombe vipi samahani.”

Samahani ya nini! Simu yake ilijaa, programu ikagoma kufunguka, naye akaona haya kuuliza kwenye kundi la WhatsApp la darasa zima. Akafuta video za sendofu ya mpwa wake, akashusha programu upya, akaingia tukiwa bado tunaongea.

Kundi lile kubwa sasa ni la matangazo tu. Wanafunzi nimewagawa watano watano kwa kufuata saa wanazopata nafasi, si mikoa. Muuguzi wa zamu za usiku yuko na wenzake wanaosoma saa nane za usiku.

Bando ndilo linalokwamisha zaidi. Video ya nusu saa inaweza kula MB 200. Sauti peke yake, ikibanwa hadi kilobiti 32 kwa sekunde, haifiki MB 8. Basi kila somo natoa sauti na kurasa chache za PDF, na video naiacha kwa mwenye uwezo. Tena, programu ya Moodle ya simu inaruhusu kupakua somo na kulisoma bila intaneti, ila wengi hawajui. Kwa hiyo zoezi la kwanza, lenye alama, ni kupakua somo, kuzima data, kisha kujibu swali lililofichwa humo ndani.

Mwisho wa kukusanya kazi nao nimeuhamisha kutoka Jumapili saa sita usiku hadi Jumanne saa sita mchana. Faili likigoma kupanda, mtu ananipigia, nami niko mezani.