Mshamba ni nani hasa?

Jana kwenye daladala konda kamwita mama mmoja mshamba, kisa kauliza kituo mara mbili, na mama wa watu kainamisha kichwa akashika kifurushi chake kwa nguvu, roho iliniuma kwelikweli. Neno lenyewe limetoka kwenye shamba, lakini anayelima tunamwita mkulima, mshamba siku hizi ni yeyote asiyejua mambo ya mjini, hata aliyevaa nguo zilizopitwa na wakati anaitwa hivyohivyo. Dar utasikia pia wa kuja au wa bushi, Nairobi wanasema mtu wa ocha. Mi hilo neno wa kuja ndo naliona baya zaidi, maana linamwambia mtu hapa si kwako. Na mchele tunaokula mjini wamelima haohao!