Shaba na zinki

Juzi tulipita duka la pembejeo, mimi na binti yangu wa kidato cha pili. Muuzaji alikuwa anampimia mkulima wa kahawa mrututu, zile chenga za bluu za salfeti ya shaba, na binti akaniuliza, "Mama, kwani huu wanautia rangi?" Nikamwambia hapana, ndiyo rangi yake. "Sasa imetoka wapi?" Swali hilo likanirudisha maabara ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka wa kwanza.

Kemia isokaboni tulikuwa tunaishi nayo kwa madesa. Mipangilio ya elektroni tuliikariri usiku, asubuhi tunaulizana kwenye foleni ya chai. Ikaja praktikali ya shaba na zinki, alasiri ya joto la Dar, koti limegandia mgongoni. Fundi wa maabara, mzee tuliyemwita Mjomba, akasema, "Msikimbilie kuandika. Tazameni kwanza."

Nilikuwa na testi tyubu mbili: moja ya salfeti ya shaba, nyingine ya salfeti ya zinki, ambayo kwa macho ni maji matupu. Nikaanza na shaba. Tone la kwanza la amonia, pua ikawaka, na ndani yakajitokeza mashapo ya samawati iliyopauka, mazito kama maziwa yaliyoganda. Nikaongeza. Mashapo yakaanza kuyeyuka kuanzia juu, na pale yalipoyeyuka ikaja bluu nyingine kabisa, iliyokolea hadi kukaribia zambarau, ikateremka nyuzi nyuzi mpaka kitakoni. Nikaitikisa, tyubu nzima ikageuka. Nikaiinua dirishani nikaitazama mpaka mwenzangu wa benchi akanigusa bega.

Zinki nayo ikapita njia ile ile. Mashapo yalitokea, meupe; nikaongeza amonia, yakayeyuka. Nikabaki na maji matupu.

"Hawa ni majirani," Mjomba akasema, "namba 29 na 30 kwenye jedwali la elementi. Mbona mmoja ana rangi, mwenzake hana?"

Hapo yale niliyokariri yakapata maana. Obiti za d, yaani kundi moja la nafasi za elektroni ndani ya atomu, hubeba elektroni 10. Ioni ya shaba, yaani atomu ya shaba iliyopoteza elektroni mbili, inazo 9. Ikizungukwa na maji au amonia, obiti hizo haziwi tena na nishati sawa, hivyo elektroni inapata pa kurukia. Kuruka huko kunameza sehemu ya mwanga, na rangi tunayoiona ndiyo iliyosalia. Amonia hutanua tofauti ya nishati kuliko maji, ndiyo maana bluu ilibadilika. Ioni ya zinki imejaza zote 10. Hakuna pa kurukia.

Muhula uliosalia ulikwenda mbio. Nilichobaki nacho ni Alfred Werner, aliyeeleza mwaka 1893 jinsi molekuli zinavyoizunguka metali, akapewa Nobel mwaka 1913. Elektroni yenyewe ilitambuliwa 1897! Ushahidi wake mmoja ulikuwa kuhesabu kloridi zinazoshuka kama mashapo ukitia nitrati ya fedha: kloridi ya kobalti yenye amonia 6 inatoa zote 3, yenye 5 inatoa 2, maana moja imechukua nafasi ya amonia na kushikwa na metali. Hadi leo namheshimu mno kwa hilo.

Wenzangu wengi husema kukariri ndiko kunakoua sayansi, nami nawaelewa. Lakini bila ile 9 na ile 10 kichwani, siku ile ningeona rangi nzuri tu. Na bila zile tyubu, namba zingebaki za mtihani. Ningepewa darasa la mwaka wa kwanza kesho, sina hakika ningeanza na kipi.